Bibi wa Bruno Kule India

— Soma tena, Koko.

— Nimeshasoma mara tatu, mwanangu.

— Soma tena. Polepole.

Nikarudisha miwani machoni. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yangu, maana Bruno alikuwa na adabu hiyo: kwa Ornella aliandika Kiingereza, na mimi Koko, yaani nyanya yake, aliniandikia Kiswahili, nisijione nimeachwa nje. Ornella ni mjukuu wangu, nimemlea tangu mama yake atutoke. Kiswahili anakisikia, na akitaka anakisema, lakini kukisoma kunamshinda.

Nikasoma: "Shikamoo Koko. Serikali ya huku imefunga nchi nzima, ndege hakuna. Msiwe na hofu. Nimebahatika kupata bibi huku, ana roho nzuri sana. Nakaa kwake. Ananipikia, ananifulia, hata barakoa amenishonea. Mtandao ni shida. Mwambie Ornella nampenda."

Ornella alikuwa bado na sare ya kazini. Analea wazee kwenye nyumba moja ya wazee kule Liverpool, mtaa wa hapa Sydney, Australia, na siku hizo alikuwa akirudi na alama ya barakoa usoni kama mtu aliyelalia kamba.

— Amesema bibi?

— Amesema bibi.

— Bibi ni mke.

Nilitamani niseme hapana. Lakini kwetu Uvira, Kongo, mwanamume akisema amepata bibi, watu hawaulizi tena, wanauliza harusi ilikuwa lini.

— Ndiyo, nikasema. Bibi ni mke.

Ilikuwa mwisho wa Machi, mwaka 2020. Bruno alikuwa amebakiza siku mbili tu arudi Sydney, na harusi yao ilikuwa imepangwa baada ya Pasaka.

Huyu Bruno ni Mtanzania, mtu wa Lushoto, Tanga, dereva wa foklifti kwenye ghala moja kule Minto. Kijana wa maneno machache. Kila Jumamosi alikuwa akinibebea gunia la mchele ngazi zote za jengo letu hapa Granville, na hakuwahi kukaa asubiri shukrani. Mwezi wa pili akatuambia anakwenda India wiki mbili, peke yake. Mhindi mwenzake wa ghalani alikuwa amemwonyesha picha za mji mdogo wa mashambani, jimbo la Gujarat, na yeye akaupenda.

— Unaenda kufanya nini huko? Ornella alimuuliza siku ile.

— Kutembea tu. Ni mji wa kimya.

— Kimya? Kabla ya harusi?

Bruno alitabasamu, akaangalia viatu vyake. Mimi niliona.

Baada ya ujumbe ule, mwanangu Cécile, mama mdogo wa Ornella, alipiga simu kutoka Minto. Cécile ana mdomo unaotangulia miguu.

— Mama, mimi nilisema! Mwanamume anayeacha mchumba aende kutembea mji ambao hata ramani haiujui, ameenda kuona mtu!

— Tumsikilize kwanza.

— Kumsikiliza nini? Ameandika kwa mkono wake. Anapikiwa, anafuliwa. Kilichobaki ni kitu gani?

Ornella alipiga siku saba simu haishiki. Siku ya nane, Jumapili ya Matawi, Bruno akapiga mwenyewe. Tukaweka sauti ya nje.

— Ornella! Unanisikia? Nimepanda juu ya paa, ndipo mtandao unaposhika.

— Uko paa la nani?

— La nyumba ninayokaa. Ungeuona mji huu! Barabara ni moja tu, na mwenye barabara ni ng'ombe. Tausi wanatua hapa hapa nilipo. Jioni wanapiga kengele za hekalu, na kila nyumba inanitumia sahani ya chakula, mimi mgeni wasiyenijua. Nikimaliza narudisha sahani, wanaijaza tena.

Sauti yake ilikuwa ya furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Ornella.

— Bruno, nataka kukuuliza kitu.

— Uliza.

Hapo, nyuma yake, mwanamke akaita. Sauti ilikwaruza kwa ubovu wa mtandao, lakini maneno tuliyasikia wote wawili:

— Bwana! Bwana wee, shuka, chai inapoa!

Ornella akanishika mkono.

— Nani huyo?

— Si ndiye bibi niliye…

Simu ikakatika.

Nje mtu alikuwa akisukuma kitoroli cha dukani barabarani, magurudumu yakipiga kelele.

— Amemwita bwana, Ornella akasema. Koko, wewe ulimwita nani bwana?

— Babu yako.

— Mume wako.

— Mume wangu.

Cécile alipoelezwa, alipata jambo jingine ambalo sisi hatukuliwaza.

— Mama, simameni hapo hapo. Mwanamke wa India, kijijini, amejulia wapi Kiswahili? Huyo si Mhindi! Huyo ametoka naye hapa hapa Sydney!

Usiku ule Ornella alivua pete, akaiweka juu ya friji kama mtu anayeweka sarafu. Akamwandikia Bruno mstari mmoja: "Baki na bibi yako. Usinitafute tena." Kisha akamfungia simu, asiweze kupiga wala kuandika.

Aprili ikapita, Mei ikapita. Harusi kubwa hazikuruhusiwa hata hivyo, padri alisema watu watano tu, kwa hiyo majirani hawakuuliza kitu. Ornella alifanya kazi zamu mbilimbili. Kwenye nyumba ile ya wazee, jamaa walikuwa hawaruhusiwi kuingia, na yeye ndiye aliyewashikia wazee simu waongee na watoto wao. Akirudi, anakaa na sare yake ile ile. Mimi nilikuwa napasha chakula na kumwekea mezani, nakaa karibu yake mpaka ale hata nusu.

Siku moja ya Aprili tukakuta mlangoni mchele, dengu na mafuta ya kupikia. Ilikuwa wakati ule madukani rafu zilikuwa tupu. Yule Mhindi wa ghalani alikuwa ngazini, mbali, amevaa barakoa.

— Bruno ameniomba, alisema kwa Kiingereza chake cha haraka. Anasema Koko asipange foleni.

Cécile aliposikia alicheka kwa pua.

— Mchele wa kutufunga mdomo huo, Mama.

— Inawezekana, nikasema. Lakini ameleta na dengu nyekundu, na hii nyumba ni mimi tu ninayekula dengu nyekundu. Mtu wa kufunga mdomo hakumbuki rangi ya dengu.

— Hee, Mama! Kwa hiyo akuoe wewe!

Bruno aliniandikia mara moja tu mwezi huo. "Koko, Ornella amenifungia. Nimekosa nini?" Nikamjibu: "Jiulize wewe mwenyewe, mwanangu." Jibu hilo mpaka leo linaniuma. Mtu amekuuliza kosa lake, na wewe unamfumbia fumbo.

Julai, ujumbe mwingine ukaingia.

"Shikamoo Koko. Nimefika Sydney. Wametuweka hotelini mjini siku kumi na nne, mlango haufunguliwi. Bibi alilia sana nilipoondoka. Nimemwahidi picha za harusi yangu na Ornella, kama bado ipo. Ameomba mzungumze. Hii hapa namba yake."

Nikampigia Cécile nimsomee.

— Picha za harusi! Cécile akapiga kelele. Hawana haya hata kidogo!

Lakini mimi nilikuwa nimekwama hapo hapo. Mwanamke gani analia mume wake akiondoka, halafu anaomba picha za harusi ya mume huyo na mwanamke mwingine? Nimeishi na wake wenza wa kaka zangu. Picha waliyoitaka wao ilikuwa ya msiba.

Ornella alikuwa kazini. Nikafunga mlango, nikapiga ile namba. Ikaita sana.

— Haloo? Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani kabisa.

— Naitwa Fébronie. Mimi ni koko ya Ornella, Sydney.

— Ooh! Karibu, karibu mama! Mimi Jasuben.

Nikavuta pumzi.

— Jasuben, sitaki ugomvi. Nijibu tu ukweli. Wewe ni bibi ya Bruno?

— Ndiyo, mimi bibi yake.

Nikakaa kitandani.

— Unampenda?

— Kama roho yangu! Mtoto wa watu, siku mia moja nimekaa naye, hajanipandishia sauti hata siku moja. Maji ananitekea, dawa zangu anakwenda kunichukulia, polisi wako njiani na fimbo.

— Na watoto je, unao?

— Ninao saba. Wajukuu kumi na tisa. Wote wako mbali, mwingine Leicester, mwingine Toronto.

— Wajukuu? Nikashika ukingo wa kitanda. Jasuben, samahani, una miaka mingapi?

— Themanini na mbili, mama. Meno yangu mawili tu.

Niliondoa simu sikioni, nikaiangalia ile namba.

— Haloo? Mama Fébronie?

— Niko. Sasa kwa nini… kwa nini anakuita bibi?

— Aniite nani basi? Shangazi? Mimi nimezaliwa Korogwe, baba alikuwa na duka pale. Tanga mwanamke mzee ni bibi. Siku aliyopita hapa mlangoni, nilikuwa namfukuza ng'ombe wa jirani, "Toka hapa, mpumbavu wewe!" Kijana akasimama njiani akacheka mpaka akakaa chini. Miaka hamsini sijaongea Kiswahili na mtu, mama. Naongea na ng'ombe tu. Nikamwambia, bwana wewe, ingia ndani.

— Na bwana? Bwana ni mume!

— Mume wangu ameshakufa zamani! Bwana ni bwana tu, kama kusema, wewe kijana. Kwani kwenu mnasemaje?

Nikamwambia kwetu tunasemaje. Kisha mzee yule alicheka, akacheka, mpaka akaanza kukohoa, na mimi nikawa nalia na kucheka pamoja naye.

Halafu akaacha kucheka.

— Kwa hiyo msichana amemwacha kwa ajili yangu?

— Amemwacha kwa ajili yangu mimi. Mimi ndiye niliyemsomea.

Ornella aliporudi sikumngoja avue viatu. Nilimwambia yote, nikamwambia kosa ni langu: nilitia neno la Uvira kwenye mdomo wa mtu wa Tanga, na sikuwaza kuuliza. Alisikiliza amesimama. Nilitegemea afurahi. Akaweka mikono usoni.

— Koko, miezi mitatu. Mimi pia sikumuuliza.

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwa nimeshamwuliza Bruno jina la hoteli, tukapanda treni mpaka mjini. Watu wengine walikuwa wamesimama barabarani mbele ya hoteli ile, wanapungia madirisha. Ornella alimfungulia Bruno simu, akampigia, akaweka sauti ya nje.

— Uko dirisha gani?

— Ornella?

— Dirisha gani?

— Ghorofa ya tisa. La tatu kutoka kona.

Tukaona mkono. Mdogo kama wa mtoto, juu kule.

— Bruno, bibi ni nyanya.

— Ndiyo, ni nyanya. Sasa ni nani?

Akamweleza, Kiswahili kikimkwama, akijazia kwa Kiingereza. Mkono ule wa juu ukashuka.

— Kumbe, Bruno akasema. Uliniandikia nibaki na bibi yangu. Nilidhani unaona wivu kwa sababu ya mzee wa miaka themanini. Nilikaa juu ya lile paa nikajiuliza, ni mtu wa roho gani huyu ninayetaka kumuoa?

— Kwa hiyo na wewe ulinishuku.

— Na mimi.

— Basi sasa nakuuliza, na unijibu. Kwa nini ulienda peke yako?

Nilimsogelea Ornella, maana swali hilo hata mimi lilikuwa limenikaa kifuani.

— Niliogopa, Bruno akasema. Baba yangu aliondoka nyumbani nikiwa na miaka sita. Nilitaka mahali pa kimya nijiulize kama mimi ni mtu wa kukaa.

— Ukajiuliza?

— Siku ya nne nilikuwa nimemaliza. Siku zote zilizobaki nilikuwa nataka kurudi tu.

— Ungeniambia.

— Ningekuambia. Nilikosea.

Askari kijana alitukaribia, barakoa mpaka chini ya macho. Alikuwa amebeba kiti cha plastiki, akakiweka nyuma yangu bila kusema kitu, akanionyesha kwa mkono nikae. Nikakaa. Kisha akamgeukia Ornella kwa upole, akamwambia kusimama hapa muda mrefu hairuhusiwi isipokuwa kwa watu wa familia.

— Uliye naye huko juu ni nani wako?

Simu ilikuwa bado wazi mkononi. Ornella alitazama ghorofa ya tisa, dirisha la tatu kutoka kona.

— Mume wangu, akasema.

— Umesemaje? Bruno akauliza.

— Umesikia.

— Sema tena. Polepole.

Akasema tena, polepole, mara tatu. Askari akasogea pembeni, akawa anaangalia magari.