Maji Yasiyo na Pa Kutokea

Kiputo kimoja kilikwenda kinyume.

Viputo vingine vyote vilifuata maji kwa adabu, vikapanda mpira, vikapita kwenye rejeta, vikafia juu ndani ya chupa ya kujazia iliyozibwa kwa gundi. Hicho kimoja, kikubwa kama punje ya njugu mawe, kilishuka huku maji yanapanda, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi za giza kashika ukuta. Hisham akakitazama, akacheka. Mwingine angejiuliza. Hisham hakuwa mtu wa kujiuliza. Alikuwa mtu wa kujibu.

Na tusimnyime haki yake. Miaka ile, video zilipohama kwenye kanda zikaingia kwenye sidii, hakukuwa na harusi kuanzia Jang'ombe mpaka Chukwani iliyohesabiwa kuwa ni harusi mpaka Hisham awe ameipiga, ameikata na ameitia nyimbo. Kazi hiyo aliifanya orofani, Sokomuhogo, kwenye nyumba ya shangazi yake Bi Kidawa, chumba kilichokaa chini ya bati, chenye joto la kuivisha maandazi. Kompyuta yake ilikuwa ndani ya kasha dogo, boksi la viatu halizidi, maana alitaka aitie kwapani aende nayo harusini. Lakini udogo ule ndio uliokuwa ugonjwa wake. Feni zilipiga kelele kama mashine ya kukoboa, joto likapanda, na bibi harusi akiwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, kioo kinazima, pii!

Sasa harusi ilikuwa ni yake mwenyewe. Alikuwa anamuoa Shaima binti Msabah wa Jang'ombe, na alishajitapa mji mzima kuwa nikaha Alasiri, usiku wake kina mama wataiona kwenye televisheni, imekatwa, imepambwa. Kwa hivyo mashine ilikuwa lazima ipoe. Hisham akaamua kuipoza kwa maji.

Pampu aliitoa kwenye tangi la samaki. Rejeta ilikuwa ya hita ya gari bovu, ya kushikwa kwa mkono mmoja. Mfua shaba wa Darajani alimchongea kibati cha kukalia juu ya prosesa, ndiyo bongo la mashine, kikiwa na vijia ndani vya kupitisha maji. Akaunga vyote kwa mpira mweupe wa kuonea. Ndani ya kasha lile kila kitu kilikaa ubavu kwa ubavu, na mpira ukipindwa mno unajikaba, maji hayapiti. Akakata, akaunga, akakata tena, mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Asubuhi ya siku ya harusi, Ijumaa, akaja Azzan, kaka yake Shaima, kuleta joho.

"Maji na umeme ndani ya boksi moja?" Azzan akashika kiuno. "Bwana harusi, unataka kuoa au unataka kuzikwa?"

"We tazama ujifunze. Maji yanatoka pampuni, yanapoza shaba, yanakwenda kupozwa kwenye rejeta, yanarudi pampuni. Nimeyafunga. Hayana pa kuingilia wala pa kutokea, yanazunguka mpaka kiama."

"Maskini maji," Azzan akasema. Kisha akakunja uso. "Hisham, nikaha ni baada ya Alasiri. Siku ya posa ulichelewa, siku ya kupeleka mahari ukachelewa. Baba hatanii. Anasema ukikosekana safari hii, Shaima ataozwa Zahor pale pale, watu wasile pilau bure."

Zahor alikuwa mtoto wa ami yake Shaima, karudi kutoka Maskati, na tangu usiku wa jana kanzu yake ilikuwa imeshapigwa pasi.

"Ntakuwa wa kwanza kufika," Hisham akajibu.

Yaliyobaki yalikuwa ni maji tu. Ya mfereji hayafai, yana chumvi, yangeiotesha shaba kutu. Alitaka maji ya betri, lakini mchana ulishaingia na maduka yalishafungwa kwa ajili ya Ijumaa. Ndipo alipokumbuka dumu lililokuwa uvunguni mwa kitanda cha shangazi yake. Bi Kidawa alikuwa keshakwenda Jang'ombe tangu alfajiri. Hisham akashuka, akainama, akalivuta. Dumu la plastiki, limeandikwa Zamzam kwa Kiarabu, mdomo umezibwa kwa nta na kufungwa uzi mwekundu. Nani asiyelijua dumu la namna hiyo? Kila nyumba yenye haji inalo. Maji yasiyooza, yasiyofanya ukoga, na baraka juu yake! Nani mwingine duniani kapoza kompyuta kwa zamzam?

Akaukata uzi kwa meno, akamimina, huku anapiga mluzi. Bismillahi akaisahau.

Mashine ikawaka kimya. Ikapoa. Ikapoa zaidi, mpaka kasha likatoka jasho, matone yakawa yanateremka ubavuni mwa bati kwenye chumba kilichokuwa kinachoma. Kile kiputo kikawa kinazunguka kinyume, mzunguko baada ya mzunguko, na kila kikifika penye kona kinasita, kama kinachopapasa mlango. Chumbani kukaja harufu ya halwaridi ya kale, ile ya kwenye makasha ya bibi waliokufa, na chini yake harufu ya kisima kilichofunikwa.

"Hisham."

"Naam?"

Kajibu kabla hajafikiri. Kwao watoto hufundishwa wangali wadogo: ukiitwa usimwone akuitaye, usiitike wito wa kwanza, mwanaadamu ataita tena, asiyekuwa mwanaadamu haiti tena. Hisham akasubiri wito wa pili. Haukuja. Ilibaki pampu tu, inaguna.

Akang'oa waya wa umeme ukutani. Pampu ikanyamaza, kioo kikafa. Maji yakaendelea kuzunguka.

Hapo ndipo alipovaa kanzu mbio mbio, joho mkono mmoja, kofia upande, akashuka ngazi, akafungua mlango mkubwa, akatoka. Akapita baraza ya kahawa, haina mtu. Akakata kushoto penye duka la mshona cherehani, limefungwa. Akakata kulia, akapita chini ya roshani yenye nguo zilizoanikwa, akatokea penye mlango wenye misumari ya shaba, na mlango huo ulikuwa wa shangazi yake, na ulikuwa wazi vile vile alivyouwacha.

"Haraka hizi," akajiambia. "Nimepotea kwetu kama mtalii."

Akenda upande wa pili, akashika njia ya kuelekea Forodhani, akisema kimoyomoyo kuwa bahari haipotei, mtu akiifuata bahari atatoka tu, na kweli mwisho wa kichochoro akauona mwanga wake, mweupe, unatetemeka, akakaza mwendo, akaanza kukimbia, joho linamburura, kuta zinazidi kukaribiana mpaka mabega yanazikwaruza pande zote mbili, na hewa imekuwa nzito, ina unyevu, inamsukuma mgongoni kwa pigo la kupwita kama la pampu, akawa hajui tena kama ni yeye anayekimbia au ni njia inayompitisha, akakata kona ambayo haikuwahi kuwapo, na nyingine, akaufikia ule mwanga, na mwanga wenyewe ulikuwa ni mlango wa shangazi yake, uko wazi, na kwenye kizingiti pana alama za viatu vyake, zimelowa, zote zinaingia, hata moja haitoki.

Simu ikalia mfukoni.

"Uko wapi?" Alikuwa Azzan. "Watu wanatawadha!"

"Niko njiani."

"Njiani wapi? Nnasikia maji. Unaoga mpaka saa hizi?"

Hisham akatazama huku na huku. Hakukuwa na maji. "Azzan, shangazi yangu yupo hapo? Mpe simu. Mpe, nakuomba kwa Mungu."

Sauti ya Bi Kidawa ikaja, nyuma yake vigelegele vya wanawake. "Hisham, mwanangu, kulikoni?"

"Shikamoo shangazi. Yale maji ya uvunguni..."

"Maji gani?"

"Zamzam."

Vigelegele vikawa mbali, kama mtu kaingia chumbani kafunga mlango. Bi Kidawa akanong'ona: "Umeyanywa?"

"Sijayanywa. Nimeyatia kwenye kompyuta."

"Kwenye nini?"

"Yanazunguka ndani ya mipira, shangazi. Na mimi sitoki. Kila nikitoka naingia."

"Mwanangu, zamzam yetu tuliimaliza kwenye maziko ya babu yako. Humo kwenye dumu mna yule aliyemkalia bibi yako Mwanakheir. Alimtaka kwa ndoa. Kila mwaka anapanda kichwani mwake, anasema hataki ng'ombe, hataki ubani, anataka nikaha ya halali, aozwe na walii wa mwanamke, mbele ya mashahidi. Maalim kutoka Makunduchi akamtia humo kwa kuwa chombo kilishabeba maji matukufu, hakivunji." Akavuta pumzi. "Dumuni angalau alikuwa na mdomo wa kuutazama. We umemtia pasipo na mdomo. Umemfunga, na yeye kakufunga."

"Nfanye nini?"

"Mrejeshe humo humo. Usimwage hata tone. Funga uzi wake. Na usinywe, Hisham. Dumu ni nyumba na mtu ni nyumba. Ukinywa, umempa mtu."

Akapanda ngazi. Kasha lilikuwa pale linatiririka jasho, na kiputo kimesimama juu ya shaba, kinatulia, kama jicho lililosikia mlango. Akauchomoa mpira wa pampu, akauelekeza kwenye dumu sakafuni. Maji hayakushuka. Yalining'inia mdomoni mwa mpira, yamevimba, yanatetemeka, wala hayadondoki. Akainamisha kasha, akalitikisa, akalipiga. Hakuweka bomba la kutolea; si alisema hayana pa kutokea?

Adhana ya Alasiri ikaanza msikiti wa jirani, ukapokea wa pili, na wa tatu. Simu ikalia tena.

"Hisham," Azzan akanong'ona, "wakishasali tu ndiyo basi. Zahor keshakaa safu ya mbele, kajitia manukato. Shaima analia ndani. Wallahi analia. Njoo bwana."

Kila mtu wa mjini kawahi kumwona dereva anavuta petroli kwa mdomo. Unavuta kidogo, ikikaribia unatoa mdomo haraka, inashuka yenyewe. Hisham alishafanya hivyo si mara moja, na alijisifu kuwa hajawahi kuionja. Akapiga magoti, akautia mpira mdomoni, akavuta.

Maji yakatikisika. Akakiona kile kiputo kikiachia shaba, kikaingia kwenye mpira, kikawa kinakuja, na safari hii hakikwenda kinyume, kilikwenda na maji, mbio, kikubwa kupita upana wa mpira wenyewe, kikipita kinaupanua kama chura anayepita kwenye koo la nyoka, na Hisham akataka kutoa mdomo lakini midomo ilikuwa baridi, imeganda, haimsikii, akaona cha mwisho kabla hakijafika kuwa ndani ya kiputo kile mna chumba kidogo, na chumbani mna mtu kavaa joho.

Kikapita kooni. Ladha ya halwaridi.

Maji yaliyobaki yakashuka dumuni kwa furaha, mpaka tone la mwisho. Hisham akazima kikohozi, akaifunga nta, akaukaza uzi. Akajipapasa kifua. Hamna kitu. Kaambiwa asinywe maji, naye hajanywa maji. Kiputo ni hewa tu. Nani alimwambia asimeze hewa?

Simu ikalia, shangazi yake.

"Umemaliza? Hukunywa?"

"Sikunywa maji, shangazi. Wallahi."

Mlango ulikuwa mlango, kichochoro kilikuwa kichochoro. Wazee walikuwa barazani wanakunywa kahawa yao, wakamshangilia: "Bwana harusi kachelewa tena!" Kila kona ilimpisha. Teksi ikasimama kabla hajanyoosha mkono. Yote yalikuwa mepesi, mepesi mno, kana kwamba kuna mwenye haraka kuliko yeye.

Aliingia msikitini Jang'ombe watu wanatoa salamu ya mwisho. Zahor akageuka, akamwona, akaanza kukunja mswala wake. Mzee Msabah akamkalisha mbele yake goti kwa goti, akamshika mkono wa kulia, kisha akautazama ule mkono kama mtu aliyeshika samaki.

"Una baridi, mwanangu."

Hisham akataka kusema ni maji, baba, nilikuwa na maji. Ulimi haukunyanyuka.

"Hisham," Mzee Msabah akaita.

"Naam."

Ilikuwa sauti nzuri, tulivu, nzito kidogo, sauti ambayo hata wazee wa nyuma waliinua vichwa kuisikiliza. Hisham naye aliisikia. Aliisikia kwa mbali, kutoka chini, kama mtu aliye ndani ya birika la maji anavyosikia wanaozungumza juu, maana hakuwa yeye aliyeitika.

"Nimekuozesha binti yangu Shaima, kwa mahari tuliyokubaliana."

Hisham akajirusha juu. Kulikuwa na ukuta laini, wa kuonea, wa mviringo. Nje yake aliona ndevu nyeupe za Mzee Msabah, aliona kofia za watu, aliona mkono wake mwenyewe umekamata mkono wa walii, haukubali kuachia. Akagonga. Akapiga kelele jina la Shaima, likatoka mdomoni likawa duara dogo, likapanda, likapotea. Mkondo ukamchukua, ukampitisha gizani, ukamrudisha pale pale.

"Nimekubali kumuoa," sauti ikasema, "kwa mahari hayo."

"Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia!"

Fatiha ikasomwa, halua ikapita, kahawa ikamiminwa. Bwana harusi alikaa kanyooka, anatabasamu, kila anayempa mkono anamshukuru. Azzan peke yake ndiye aliyesogea karibu zaidi kumkumbatia, akaweka sikio kifuani pake, akaganda hapo kidogo. Kisha akacheka kicheko kifupi, cha mtu anayetaka aambiwe anatania.

"Shemegi," akanong'ona, "mbona bado nnasikia maji?"