Chupa ya Mwisho ya Mzee Plein

"Hii divai yenu ni maji ya limau," alisema Jost Kemmler, mpishi wa mkahawa mmoja mjini Trier, akirudisha glasi kwenye kaunta ya kibanda cha divai sokoni. Ilikuwa Jumamosi, watu wamebanana. Hedda Plein, mkulima wa zabibu aliyemmiminia, alikuwa amevaa sweta ya kijani na buti zenye tope la shambani.

"Ni ya mwaka jana, bwana mpishi. Bado mtoto mchanga. Wewe huwa unagombeza vichanga?"

"Itakua lini?"

"Ukishaota mvi."

Jost akacheka, akanunua chupa mbili, akaomba na namba ya simu.

Yakawa mapenzi. Kila Jumapili Jost alipanda miteremko ya bonde la Ruwer, kwenye mizabibu ya Hedda, akiteleza juu ya mawe meusi, akimwita Hedda "kipenzi" mbele ya wafanyakazi wa shamba mpaka masikio yakamwiva kwa haya. Hedda akamwonyesha ghala la chini ya ardhi, na chupa moja iliyolala peke yake: divai nyeupe ya Riesling, ya mwisho aliyotengeneza baba yake kabla hajafa.

"Hii haiguswi," alisema.

Msimu wa mavuno simu ya Hedda ikalia shambani; alikuwa Jost.

"Mpenzi, yule mgeni wa Hamburg, mnunuzi wa divai aliyekuja mkahawani kwangu, anachukua divai yako yote."

"Amekubali vipi? Si alisema ni changa mno?"

"Nilimwonjesha ya zamani. Aone inavyozeeka."

"Ya zamani ipi?"

Jost akaanza kutaja bei.

"Jost. Ya zamani ipi?"

"Nilipokuja kuchukua makreti jana... ile iliyolala peke yake. Nilikuwa nakutafutia riziki, Hedda."

"Nani alikutuma? Umemmiminia mgeni baba yangu, halafu unaniita mpenzi. Mwambie sina divai ya kumuuzia. Na wewe usikanyage kwangu."

Akakata. Jost alipiga tena na tena, Hedda hakupokea. Mwishowe akapanda mlima mwenyewe, kwenye baridi, na koti lake jembamba la mjini. Hedda alikuwa akikata vichala vya zabibu na kuvibwaga ndooni kana kwamba vimemkosea.

"Nilikwambia usikanyage."

"Nimekuja unitukane ana kwa ana."

Akamtukana. Mwizi. Mpenda sifa. Mtu wa kuuza cha mwenzake ili asifiwe mezani. Sauti ilipomkauka, Hedda aliuliza bila kumtazama, "Ile divai, ilikuwa imekufa?"

"Hapana. Ilikuwa hai. Kwanza nyepesi, kama tofaa bichi. Halafu asali. Mwisho kabisa, harufu ya jiwe lililonyeshewa. Mgeni akawa anaongea, mimi siwezi. Nilijua palepale nimekuibia."

Hedda akaketi juu ya mawe, akalia kwa hasira, mkasi bado mkononi. Jost akabaki amesimama.

"Rudia," alisema Hedda. "Polepole."

Akarudia. Kisha akachukua ndoo, wakamaliza safu ya mizabibu pamoja.

Walioana mwezi wa Mei. Kijijini wanasema Hedda alisamehe. Si kweli sana. Hadi leo ufunguo wa ghala la chini anauvaa shingoni mwake, na mumewe akitaka chupa, hubisha hodi.