Daraja Juu ya Paa

Kila asubuhi Yusta alifagia chumba cha kompyuta cha shule, na kila asubuhi alianza kwa kununa. Wenzake walitoka shamba la maharage na kuingia na udongo miguuni, utadhani ndoo ya maji mlangoni hawakuiona.

Ila wiki hiyo kero kubwa haikuwa udongo. Mtandao ulikuwa umekatika. Mwalimu Wilbard aliwasha kompyuta, akazima, akawasha tena, mwishowe akaketi ameshika kichwa, akamtazama mwanafunzi mmoja.

"Bura, wewe ndiye uliyecheza michezo hapa Ijumaa."

"Nilicheza, mwalimu, lakini sikuharibu kitu."

"Nimechoka na majibu yako. Muhula huu hutagusa kompyuta tena."

Bura akatoka. Kwao hapakuwa na simu wala kompyuta. Alichojua chote alikipata humu. Yusta alikereka. Mbona hajitetei zaidi?

"Mwalimu, mtandao si unakuja kwa hewa kutoka ofisini?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Kompyuta hizi zinapokea kwa waya tu. Ofisini mtandao unapanda kwa waya hadi kisanduku cha juu ya paa. Kinaurusha juu ya uwanja, kisanduku cha paa letu kinaudaka, kisha unashuka kwa waya hadi hapa. Ni daraja. Waya ukikosekana upande mmoja, daraja halifiki."

Yusta akakumbuka. Jumamosi alikuwa ameuchomoa waya uliotoka darini, umejaa utando wa buibui. Mtandao wa hewani, waya wa nini? Angeweza kuurudisha kesho kabla watu hawajafika, asijulikane. Lakini Bura angebaki nje.

"Mwalimu, ni mimi. Niliuchomoa waya nikifagia. Nimefungia majani ya ndama nyumbani."

"Majani ya ndama."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimepanda paa hadi magoti yanauma, Yusta, kumbe mtandao uko zizini. Kaulete."

Aliurudisha mbio. Mwalimu akaupangusa, akauchomeka, taa ya kijani ikawaka. Kisha akamwita Bura.

"Nilikuadhibu bila kuchunguza. Nisamehe. Rudi kwenye kiti chako."

"Sawa, mwalimu. Ila waya unanuka."

Mwalimu akamgeukia Yusta. "Usipojua kazi ya kitu, uliza kabla ya kukigusa. Hilo umelikosea. Lakini umesema kweli. Ungeuchomeka kimyakimya, mtandao ungerudi, Bura asingerudi."