Hodi ya Tano

Sehemu ya saba ya Bwana Koti ina hodi nne. Nne tu, na Bangwe nzima, mtaa wetu wa kando ya ziwa, hakuna waliolijua hilo kuliko wanaume watatu waliokaa sebuleni kwa Castory Jumamosi ile, saa tisa alasiri, miguu juu ya meza, wakitafuna migebuka ya kukaanga na kutemea miiba pembeni mwa sahani. Mimi ulaji wa namna ile unanichefua. Lakini subiri, hapo hatujafika popote, na wewe kama una chakula mbele yako ni bora ukimalize kwanza.

Bwana Koti ni jasusi. Filamu zake ziko kumi na sita, waigizaji wanne wamekwisha kulivaa koti lile refu, na watatu hawa walikuwa wanazirudia tangu ya kwanza, kila Jumamosi, utadhani wamepewa mtihani. Castory, mwenye nyumba, ni fundi wa redio na televisheni. Feliksi anaendesha bajaji. Ndayisenga, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, anashona viatu. Chumbani alikuwemo Agnesi, mke wa Castory, akimlaza Yona, mtoto wao wa miezi tisa, wa kwanza baada ya miaka sita ya kungoja.

"Koti wa kwanza ndiye Koti," alisema Feliksi. "Hawa wengine wameazima nguo."

"Wa kwanza alikuwa anakimbia kama ana mimba," akajibu Ndayisenga. "Wa tatu ndiye mwanaume. Haongei. Anakuangalia tu, unatubu mwenyewe."

"Nyamazeni basi, anafika kwenye mashua," alisema Castory.

Nakala yao ilikuwa imetafsiriwa na Elikana, fundi wa maneno kutoka Mwanga, anayeongea juu ya filamu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi anavyotaka. Kwa Elikana, Bwana Koti ana adabu. Hata akiwa na bastola mkononi, hata anakwenda kumuua mtu, hafungui mlango bila kubisha: "Hodi wenyewe! Mpo?" Na watazamaji, popote inapoonyeshwa, hupaza sauti kwa pamoja: "Karibu! Pita ndani!" Huo ndio ulikuwa utamu wenyewe, na hawa watatu walikuwa wameuzoea hadi midomo ilijibu bila wao.

Mashua ikafika. Koti yuko peke yake katikati ya bahari, hakuna nyumba, hakuna mlango, na hapo Elikana huwa ananyamaza, unasikia muziki tu.

"Hodi," ikasikika.

"Karibu! Pita ndani!" wakapaza wote, vinywa vimejaa.

Kisha wakatazamana. Feliksi alimeza bila kutafuna.

"Casto, hapa huwa hakuna hodi."

"Hakuna."

Castory akairudisha nyuma mara mbili. Muziki, mawimbi, Koti anakodoa macho. Hodi haikuwepo.

"Ile haikuwa sauti ya Elikana," Ndayisenga alinong'ona. "Mana yanje, Mungu wangu, ilikuwa kama ya mtu mwenye maji mdomoni."

Wakacheka, kicheko kile cha kutafuta pa kushika. Pazia la mlangoni lilikuwa linacheza, na upindo wake wa chini ulikuwa umelowa.

Agnesi alitoka kukusanya vyombo. Akainua sahani moja, akainua ya pili, akasimama.

"Jamani, watu wazima wenye ndevu! Mmelamba sahani?"

"Nani alambe sahani, shemeji?" Feliksi alilalamika. "Mimi samaki wangu hata nusu sijamla."

Samaki hakuwepo. Miiba haikuwepo. Sahani zote tatu ziling'aa, na juu yake kulikuwa na ute, mweupe, mzito, uliovutika kama kamba Agnesi alipotoa kidole. Alinusa, akakimbilia uani kutapika. Shombo la samaki lote la Bangwe alikuwa amelizoea tangu utoto, lakini hili lilikuwa la kinywa, la kinywa kisichowahi kufungwa.

Asubuhi ya Jumapili mwiko ulikuwa na ute. Jumatatu ilikuwa zamu ya mdomo wa ndoo ya maji ya kunywa, mswaki wa Castory, na kitasa cha mlango. Agnesi alichemsha vyombo, akavisugua kwa majivu, akavifunika kwa kitambaa, na alipofunua kitambaa akakuta kimelowa upande wa ndani. Ikawa hawali nyumbani. Castory alikula vibandani mjini, Agnesi akala ndizi anazomenya mwenyewe na kuzitia mdomoni hapo hapo, amesimama uani, anatazama huku na huku.

Alhamisi, saa saba mchana, jua limesimama, Agnesi alikuwa anafua. Akasikia sauti chumbani, chwap, chwap, kama mbwa anakunywa maji, na akafikiri ni mbwa kweli, akaokota kandambili na kuingia nayo imeinuliwa, akakuta chumba hakina mbwa wala mtu, ila Yona amelala chali kitandani, macho wazi, halii, na nywele zake za upande mmoja zinabonyea, zinalala, zinabonyea tena, kwa sauti ile ile, chwap, chwap, na kitu kilichokuwa kinazilaza hakikuonekana.

Alimnyakua mtoto. Kichwa kilikuwa kimelowa na kinanuka, na ute ulishuka mpaka kwapani. Alimwogesha mara tatu, sabuni ikaisha.

Kufikia wiki iliyofuata mtoto hakuwa na nyusi. Hazikunyolewa, zilikuwa zimelika, na ngozi pale ilikuwa nyeupe na laini kama ya kidole kilichokaa mno majini. Zahanati wakasema fangasi, wakatoa mafuta ya kupaka, na mafuta yale, naona kinyaa hata kulisema hili, yalikuwa yanalambwa kabla hayajakauka. Kadi ya kliniki ilionyesha uzito unashuka. Yona aliacha kulia. Alikuwa analala tu, kinywa wazi, kama anayesubiri.

"Baba Yona," Agnesi alisema kwa sauti ya chini, amemkumbatia mtoto ndani ya kanga mbili, "nimengoja miaka sita. Siwezi kukaa hapa nikiangalia mwanangu analiwa kama pipi."

Wakaenda Ujiji kwa Bi Mwasiti, mwanamke mzee anayeuza udi na kuondoa mashetani, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Msikae karibu na udi wangu, mnanuka." Akavuta pindo la kanga aliyofunikwa mtoto, akanusa, akasonya. "Hili halikuvunja mlango. Lilipiga hodi. Nani alilijibu?"

Castory akasimulia, macho chini, habari za Bwana Koti na mashua. Bi Mwasiti akasonya tena.

"Mwanamume mzima. Unakaribisha usiyemwona kwa ajili ya sinema."

"Tulikuwa watatu, bibi."

"Nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Basi mgeni ni wako. Sasa hivi anaonja nje. Akimaliza ngozi atakwenda kwenye ulimi, na siku hiyo mtoto hatanyonya tena. Kumfukuza huwezi, ulimwita kwa mdomo wako. Mgeni anasindikizwa. Kesho saa saba mpakulie, mle sahani moja, kisha umshike mkono umrudishe ziwani. Njiani usiuachie. Maji yakifika magotini muage, mwambie nenda salama. Baada ya hapo, chochote atakachosema, usijibu. Hata asante usiseme. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Baada ya kumuaga sijibu kitu."

Kesho yake Agnesi alimpeleka mtoto kwa jirani. Castory akaweka ugali na mgebuka sebuleni, akaketi chini, akasema, "Karibu tule." Akamega tonge lake. Upande wa pili wa sahani ugali ulianza kuyeyuka kwa mistari, chwap, chwap, na ute ukatiririka polepole kuja upande wake, ukagusa tonge, na alijua kwamba asipokula mgeni atajua hatakiwi, kwa hiyo akala, akameza, tumbo likampanda mpaka kooni, akameza tena pamoja na kilichopanda. Mimi nisingeweza. Yeye alikuwa anamfikiria Yona.

Akanyoosha mkono. Kitu kikaingia kiganjani, cha baridi, kinene, chenye chembechembe kama ulimi wa ng'ombe, kikajipanga katikati ya vidole vyake.

Wakatoka. Jua lilikuwa kali, wanawake wanageuza dagaa mchangani, na kila alikopita walikunja nyuso na kuziba pua kwa kanga. "We fundi, umekufa lini?" mmoja akamtania, wenzake wakacheka. Castory hakucheka. Kile kitu kilikuwa kinamlamba anavyotembea, kati ya kidole na kidole, chini ya kucha, taratibu, bila haraka yoyote, na kila alipotaka kukitupa aliziona zile sehemu mbili nyeupe juu ya macho ya mwanawe, akakaza kiganja zaidi, ute ukamtoka pembeni ya ngumi na kudondoka kwenye mguu, na ufukwe ukawa mrefu kuliko alivyowahi kuujua, na maji yalipomfikia vifundoni alikuwa anatembea huku analia.

Magotini akasimama.

"Kwaheri, mgeni wangu," alisema. "Nenda salama."

Kiganja kikawa kitupu. Maji mbele yake yakasogea, mara moja, na sauti ikatoka chini kabisa, sauti ya mtu mzima mwenye heshima zake, maji mdomoni.

"Nashukuru, mwanangu. Umenilisha, umenisindikiza. Mmelelewa vizuri."

Castory aliuma meno.

"Na kwangu pia karibu. Uje na mtoto."

Sasa, Castory ni mtoto wa Kalinzi, kijiji cha watu wa adabu. Mama yake alikuwa akimfinya sikio kila mkubwa alipomkaribisha naye akakaa kimya kama gogo. Miaka thelathini ya kufinywa na kusalimia na kushukuru ilikuwa mdomoni mwake kabla kichwa hakijaamka, na aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, changamfu, yenye adabu kabisa.

"Asante, mzee. Tutakuja naye."

"Basi nitangoja," sauti ikasema. Ziwa likatulia.

Castory akageuka, akatoka majini.

Nyumbani Agnesi alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mapajani. Yona alikuwa ananyonya kwa nguvu, anavuta, anapumzika, anavuta tena, na nywele zake zilikuwa kavu. Sebule ilinuka sabuni tu. Agnesi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Alisema kitu?"

Castory aliinama kwenye beseni, akaosha mkono, akaunusa, akauosha tena.

"Alishukuru."

"Na wewe ulinyamaza, kama ulivyoambiwa?"

Mtoto aliachia titi, akamgeukia baba yake, akatabasamu, maziwa kidevuni.

"Nilinyamaza," alisema Castory.

Agnesi alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu Jumamosi ile. Akamfuta mtoto kidevu, akambusu pale nyusi zilipokuwa.

"Ashukuriwe Mungu. Yule ameshaagwa, hana haja nasi tena, basi Jumapili tushuke naye ziwani, baba Yona. Mtoto wa watu sijamtoa nje siku ngapi, acha akachezee maji."

Castory alitafuta sababu ya kukataa. Kila aliyoiona ilikuwa inaanzia kwenye jibu lile alilolitoa majini, na mkewe alikuwa anamtazama kwa furaha ambayo hakuwa ameiona tangu mtoto azaliwe.

"Sawa," akasema.