Aliyeshika Kamba ya Eustace

"Mbona umesimama?" Thobias aliuliza, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli.

Bernadina aliisukumiza simu mfukoni. Alijibu kwamba mnyororo umelegea, uongo wa mchana kweupe, maana Thobias mwenyewe ndiye aliyeukaza asubuhi. Ujumbe aliotoka kuusoma ulisema hivi:

"Mama Wema, ni Pantaleo wa Mwakitolyo, niliyekuletea nguo za marehemu. Nimeona picha za uchumba wako. Huyo Thobias ndiye aliyeshika kamba siku Eustace alipofia shimoni. Kama hajakwambia, jihadhari naye."

Eustace alikuwa mume wake. Alikufa miaka mitatu iliyopita kwenye duara, shimo la dhahabu, huko Mwakitolyo, akamwachia binti mmoja, Wema. Na Thobias, ambaye angefunga naye ndoa Jumamosi, siku mbili tu zijazo, katika miezi minane ya mapenzi hakuwahi kutamka kwamba aliwahi hata kukanyaga Mwakitolyo. Alichosema ni kwamba kwao ni Masumbwe, na kazi yake ni kutembeza wageni kwa baiskeli, polepole, katikati ya mashamba ya mananasi ya Nkome mpaka ufukweni mwa ziwa.

Njia hiyohiyo ndiyo waliyokuwa wakiipita leo, wawili tu. Thobias alikuwa amesema ana neno la kumwambia wakifika ziwani, na Bernadina, mapenzi yalivyomkolea, alidhani anakwenda kupewa zawadi.

"Basi tangulia," Thobias alisema. "Mimi nitakuwa nyuma yako."

Hakuna maneno yaliyowahi kumtisha kama hayo. Alitangulia, angefanyaje. Kijia kilikuwa chembamba, majani ya mananasi yakimparura miguu kushoto na kulia, na hapakuwa na mtu shambani. Kwenye keria ya Thobias kulikuwa na panga. Lilikuwepo siku zote, la kukatia wageni mananasi, na siku zote hakulijali. Leo alilisikia likigonga chuma kila gurudumu liliporuka jiwe. Alimfikiria Wema aliyemwacha kwa jirani, akajilaumu kwa kutomuuliza mtu huyu ametokea wapi hasa.

Mara mlio wa panga ukakoma. Bernadina aligeuka. Thobias alikuwa ameshuka, panga mkononi.

"Thobias, nina mtoto." Maneno yalimtoka yenyewe.

Mwanamume alimtazama bila kuelewa. Alikuwa tayari ameinamia nanasi bivu. Kisha aliona jinsi mchumba wake alivyolikodolea macho panga, akalitupa mbali.

"Nani amekwambia?"

"Pantaleo."

Thobias alikaa chini palepale kwenye udongo. Alisema ndilo neno lenyewe alilokuwa analipeleka ziwani, na kwamba alikuwa anatafuta mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuukimbia ukweli.

"Niambie hapahapa," Bernadina alisema, baiskeli ameiweka katikati yao.

Thobias alieleza. Kule duarani aliye chini huzungumza kwa kamba. Akivuta mara mbili, mzigo wa mawe uko tayari. Akivuta mara tatu, mtu anataka kutoka.

"Siku ile alivuta mara mbili. Nikajua ni mzigo, na mzigo unasubiri. Nikaifunga kamba, nikamalizia chai yangu. Kumbe hewa ilikuwa imemwishia, Bernadina. Ya tatu hakuwa na nguvu ya kuivuta."

"Waliniambia alikufa papo hapo."

"Walikuonea huruma. Nilikuja Nkome kukwambia ukweli. Siku ya kwanza tu ukaniambia kinachokufariji ni kwamba hakuteseka. Nikashindwa. Halafu nikakupenda, nikashindwa zaidi."

"Miezi minane ninasema hakuteseka, na wewe unaitikia."

Hofu ya panga ilikuwa imemtoka Bernadina, ikaingia nyingine mbaya zaidi, kwa sababu pamoja na yote hayo alikuwa bado anampenda. Alitoa simu, akampigia Sesilia, mama yake Eustace, kule Ushirombo, akafungua spika.

"Mwambie mwenyewe. Ukimdanganya, mimi na wewe basi."

Thobias aliipokea simu, akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe bwana harusi? Kitenge changu kiko kwa fundi, Jumamosi mtaniona."

Thobias alifumba macho. Kudanganya kulikuwa rahisi mno, na Bernadina aliona jinsi alivyotamani.

"Mayu, mimi ndiye niliyeshika kamba ya Eustace."

Alisema yote, hata ile chai.

"Alivuta?" mama aliuliza.

"Alivuta, mayu. Mara mbili."

"Kumbe mwanangu aliita." Akaanza kulia, na wao wakamsikiliza bila kuthubutu kukata simu. Aliponyamaza aliomba apewe Bernadina.

"Mwanangu, bado unamtaka?"

Bernadina alimtazama Thobias pale chini, machozi na vumbi usoni.

"Namtaka, mama. Naogopa, lakini namtaka."

"Basi Jumamosi nakuja, ila si harusini. Tutamwombea Eustace misa, na huyo atasimama mbele ya watu aseme alichoniambia mimi. Harusi tutaipanga siku nitakayoweza kumtazama usoni."

Bernadina aliitikia. Simu ilipokatika, alimwambia Thobias ainuke, waende kwa padri kuahirisha ndoa.