Tawi Moja la Sukari

Nabiswa alikutana na Wanyoike katika Soko la Burma saa saba mchana, watu wakigombania mbavu za mbuzi. Alikuwa mwanakemia wa chuo kikuu, gauni la manjano chini ya koti jeupe, akikusanya bakteria kwa vijiti vya pamba. Wanyoike alimtazama akipangusa meza ya bucha yake, kisha akasema makoti yao yanafanana, ila lake lenye damu ndilo limefanya kazi. Nabiswa akacheka mpaka akaangusha kijiti. Jioni ile Wanyoike akampigia simu, na kufikia Agosti walikuwa wakiitana mpenzi bila haya.

Kisha watoto tisa wa mtaa wa Fedha wakaanza kuharisha damu. Kipimo cha kawaida kilionyesha bakteria wao wanafanana na wale wa meza ya Wanyoike. Nabiswa aliwapelekea maafisa wa afya rekodi zake, na kesho yake bucha ikafungwa.

"Si ungeniambia kwanza," Wanyoike alisema kwenye simu.

"Ningekuambia, ungesafisha meza kabla hawajafika."

Wanyoike akakata, na hakupokea simu zake tena.

Wiki saba Nabiswa alijifungia maabara. Bakteria hawa wamefunikwa na minyororo ya sukari iliyoshikiliwa na mafuta kwenye ganda lao, na kipimo cha kawaida huigusa juu juu tu. Aliitenga na mafuta kwa asidi, akaisoma kwa mashine ya sumaku, sukari moja baada ya nyingine. Minyororo ya bakteria wa watoto ilikuwa na tawi ambalo ya Burma haikuwa nalo. Tawi lile akalikuta kwa bakteria wa tangi la maji la ghorofa walimoishi watoto hao.

Siku bucha iliporuhusiwa kufunguliwa, alimkuta Wanyoike akisugua sakafu. Akamweleza yote, hata kwamba meza yake bado ilihitaji maji ya moto.

"Na kama ingekuwa nyama yangu?"

"Ningeandika hivyo hivyo."

Wanyoike alichovya brashi ndooni.

"Hilo ndilo lililoniudhi," alisema. "Halafu nikaona hakuna mtu mwingine ninayemwamini hivyo. Mama anakuja Jumamosi kutoka Kinangop. Nataka akuone."

"Unaniposa, ama unanialika chai?"

"Nakuposa. Chai ipo pia."

Nabiswa alivua koti, akalitundika msumarini, akakunja mikono ya gauni.

"Basi nipe brashi ya pili," akasema. "Mama asikute hii sakafu hivi."