Pini za Toleo la Mwisho

Fundi Saa alikuwa amekaa sakafuni katika chumba chake cha majarida, anasoma kwa sauti kama kawaida yake, nene kwa Dobi, shujaa wa jarida, na ya puani kwa majambazi. Alifika mwisho wa ukurasa akanyamaza ili afunue mwingine.

"Halafu?" sauti ya binti yake ikauliza nyuma yake.

"Subiri, mama, nifunue," alijibu bila kugeuka. Karatasi ilikuwa kongwe, ilitaka vidole viwili na pumzi iliyobanwa. Aliifunua, akainua kichwa kupumzisha shingo, na kupitia dirishani akamwona binti yake uani, anaruka kamba na watoto wa jirani, nywele zimetimka, midomo inakwenda mbio kuhesabu.

Akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa na mbele ya rafu hapakuwa na mtu. Harufu ya shuka mbichi, iliyolala na maji kwenye beseni, ilimpita puani ikatoweka. Alijiambia kwamba sauti ya yule mtoto hupenya hata ukuta, akarudi kusoma.

Kila mtu ana ugonjwa wake, na wa Fundi Saa ulikuwa vitabu vya katuni. Mchana alikuwa kibandani kwake, lenzi jichoni, anafufua saa za watu. Akirudi alijifungia na majarida yake, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki, na kadi ngumu mgongoni lisipinde. Chai haikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Mkewe, aliyeshona nguo za watu pale sebuleni, aliyaita wake wenza. "Nenda, wake wenzangu wanakungoja," angesema, wala hakuwa amekasirika sana. Mwenye ruhusa ya kuingia, mikono ikishaoshwa, alikuwa binti yao tu, waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza. Baba akimsomea, Chiriku aliuliza "Halafu?" kila mwisho wa ukurasa, hata kama jibu lilikuwa mbele ya macho yake.

Katika majarida yote, lililomkaa moyoni lilikuwa *Dobi wa Usiku*. Mchana Dobi alifua nguo za watu. Usiku aliwafunga majambazi kwa shuka mbichi aliyoikamua mpaka ikawa kamba. Upuuzi mtupu, na utamu mtupu. Fundi Saa alianza kulisoma mapajani mwa baba yake. Likaacha kuchapwa ghafla, Dobi akiwa ananing'inia kwenye bomba la moshi la kiwanda, shuka yake imeanza kuchanika, chini pipa la maji yanayochemka, na pembeni neno moja: Itaendelea. Haikuendelea. Mwaka huohuo baba yake aliugua. Mtoto alisimama kando ya kitanda akauliza kama Dobi atakufa, na baba akamwambia, "Dobi hafi, mwanangu. Ngoja utaona." Mtoto akangoja. Ukweli ni kwamba alikuwa bado anangoja, na ndevu zimeshaingia mvi. Kwenye mikutano ya wapenzi wa katuni alibishana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka kwamba Dobi aliokoka.

Toleo lile la mwisho lilipotea siku za msiba wa baba yake, akalitafuta miaka yote. Sasa muuza vitabu vya zamani alikuwa amemletea nakala, aliyoipata kwa mchora mabango mmoja nyuma ya kituo cha mabasi. Ilikuwa safi, ila kwa kituko kimoja. Mtu alikuwa ameibana kwa pini za chuma kwenye kingo zote, isiweze kufunuliwa, na pini zimeshika kutu. Fundi Saa nusura alie. Kutu inakula karatasi, kila mkusanyaji analijua hilo. Alichukua kibano chake cha saa na tone la mafuta, akazitoa moja baada ya nyingine kama daktari anayetoa risasi, akazitia kwenye kopo. Kisha ndipo akaketi kusoma, na ndipo akaulizwa "Halafu?"

Walipokaa kula, Chiriku alikuwa anasimulia ugomvi wa uani. "Akasema kamba ni yake, mimi nikamwambia..." Sauti ikaishia hapo. Midomo iliendelea kwenda. Mama yake alicheka akidhani ni mchezo, kisha akaacha kucheka.

Daktari alimulika koo, akapapasa shingo. "Koo ni zima kabisa," alisema. "Huenda ameshtuka. Mpeni muda."

Muda walimpa, na nyumba ikazidi kuharibika. Harufu ya nguo mbichi ikahamia kwenye mapazia na mito, mpaka mkewe akaanika kila kitu juani na bado ikawepo. Chumbani kwa majarida ilisikika sauti ya mtu anayekamua kitambaa, polepole, na matone yakianguka, lakini mlango ukifunguliwa sakafu ilikuwa kavu. Na yeyote alipomaliza kusema, hata kama ameomba chumvi tu, sauti ya Chiriku iliuliza kutoka kule ndani, "Halafu?" Chiriku mwenyewe alikuwa amekaa palepale mezani, mdomo umefumbwa, anamtazama baba yake.

"Umeleta nini humu ndani?" mkewe alinong'ona jikoni. Alikuwa amefungulia bomba ili maji yafunike maneno yake.

"Jarida tu."

"Jarida tu haliongei kwa sauti ya mwanangu."

Akamweleza habari ya pini. Mkewe alimsikiliza, mkono ukiwa umeshika bomba.

"Mtu mwenye akili akikuta kitu kimefungwa namna hiyo, anakiacha kilivyo."

"Zilikuwa na kutu, mke wangu."

Mkewe alifunga bomba, na katika ukimya ule wote wawili waliisikia sauti ndogo ikiuliza.

Shangazi wa mkewe ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mganga mwenye sifa zake, naye alikuja nazo zote. Alitupa ubani kwenye chetezo mbele ya mlango wa chumba, akajitambulisha kwa aliyekuwemo.

"Mimi ndiye niliyemtoa jini wa kisimani," alisema.

"Halafu?"

Mganga alitabasamu. Aliona amepata msikilizaji. "Nikamtoa mwingine kwenye kinu cha unga, alikuwa anawatesa wafanyakazi."

"Halafu?"

Akamtaja wa gerejini, akamtaja wa hospitali, zilipokwisha za kweli akaanza kutunga, sauti ikamkwaruza, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola, na bado alikuwa anasema, macho yamemtoka, maana alikuwa amegundua kwamba hawezi kuacha. Mke wa Fundi Saa alimvuta kwa koti mpaka nje. Huko alipumua kama aliyepanda mlima.

"Huyo hakufuata damu," alisema kwa sauti iliyobaki. "Anayetaka kuku nampa kuku. Anayetaka hadithi nitampa nini mimi?" Akaondoka bila hata kuchukua chetezo chake.

Basi Fundi Saa akaingia mwenyewe. Alikaa sakafuni akaanza kuuendeleza mkasa kama alivyouendeleza mikutanoni miaka yote ile, kwamba Dobi alijirusha akadaka ngazi, halafu? akateremka, halafu? akawanasa majambazi wote, halafu? akaoa, akapata mtoto, akazeeka, akamfundisha mwanawe kukamua shuka, na mwanawe naye akakutana na majambazi wengine, halafu? na kila alipojibu sauti ilisogea, kutoka kwenye rafu hadi katikati ya chumba, kutoka katikati ya chumba hadi sikioni pake, tamu, yenye hamu, ileile aliyoizoea mapajani pake, na pumzi yake ilikuwa ya baridi yenye harufu ya sabuni na kutu, na alipojaribu kuinuka akahisi kitu kibichi kikimzunguka kifundo cha mguu, taratibu, kama mtu anayepima urefu wa kamba.

Alitoka akitambaa. Sebuleni Chiriku alikuwa analia mikononi mwa mama yake. Machozi yalitiririka, kifua kilipanda na kushuka, na hapakuwa na sauti yoyote. Kilio chenyewe kilitoka chumbani.

"Hata akikohoa hasikiki tena," mkewe alinong'ona. "Nikimtoa mkono kifuani sijui kama anapumua. Baba Chiriku, mwanangu anaisha."

Alikwenda mbio mpaka nyuma ya kituo cha mabasi. Mchora mabango alikuwa mzee mwenye rangi kwenye kucha, anamalizia kichwa cha mteja kwenye bango la kinyozi. Aliposikia jina la Dobi, brashi ilisimama.

"Nilimchora mimi," alisema. Ilikuwa pumzi tu, sauti haikuwemo. "Na huyo anayeuliza alikuwa anakaa nyuma ya kiti changu. Mchoraji akipata mtu wa kumuuliza halafu, hamfukuzi. Ndiyo maana kazi ilikuwa tamu vile."

"Na sauti yako?"

"Aliitumia mpaka ikaisha." Mzee alifuta brashi. "Nilijua dawa yake ni mwisho. Dobi aanguke, afe. Nikaketi nimchore anakufa, mkono ukagoma. Nilimpenda mno. Basi nikambana yule anayeuliza humo ndani kwa pini, maana chuma kinamzuia. Imekuwaje zikatoka?"

"Nilizitoa mimi. Zilikuwa na kutu, zinakula karatasi."

Mzee alifumba macho. "Ninyi watu," alinong'ona, bila hasira. "Ninyi watu na karatasi zenu."

"Nifanye nini, mzee wangu? Mtoto ananifia."

"Muue Dobi. Lakini muue kwelikweli. Ukisema amekufa na moyoni unajua ameokoka, atauliza tena. Akinyamaza, rudisha pini zilezile, upesi, kabla hajaanza kutamani hadithi nyingine."

Jua lilikuwa bado linawaka dirishani Fundi Saa alipoketi chumbani na Chiriku mapajani, jarida mbele yao, mkewe amesimama mlangoni. Alisoma ukurasa wa mwisho mpaka kwenye bomba la moshi na shuka inayochanika. Akaliruka neno Itaendelea.

"Halafu?"

"Shuka ikakatika," alisema. "Dobi akaanguka."

"Halafu?"

"Akafa."

"Halafu?" Sauti ilikuwa shingoni pake sasa, ina furaha, haimwamini. Na kweli, moyoni Dobi alikuwa bado ameshika ngazi, na kando ya kitanda baba yake alikuwa anasema ngoja utaona. Chiriku alikuwa baridi mikononi mwake. Alimkumbatia.

"Halafu asubuhi wakamkuta. Hakudaka ngazi yoyote. Ngazi haikuwepo. Wakamwosha, wakamzika, watu wakarudi nyumbani kwao." Alianza kulia, mtu mzima yule, na hakujificha. "Alikuwa na mwanawe. Aliambiwa angoje, akangoja. Alingoja mpaka akawa na mtoto wake mwenyewe, anangoja tu. Hakurudi. Baba yangu hakurudi na hatarudi. Aliniambia Dobi hafi, na hakuwa anajua. Amekufa. Wote wawili wamekufa."

Palikuwa kimya. Harufu ya shuka mbichi ilififia. Kisha mapajani pake kikasikika kikohozi kidogo, kibovu, kizuri kuliko wimbo.

"Baba," Chiriku alisema, "unanibana."

Mkewe alikaa chini palepale mlangoni, akafunika uso.

Zilibaki pini. Fundi Saa alikwenda kulichukua kopo, akatoa moja, akaitazama ncha ilivyovimba kutu, akaitazama karatasi aliyoitafuta maisha yake yote. Tundu za pini zile alikuwa ameshaziziba kwa gundi ya unga, kazi safi, hazionekani. Mkono uligoma. Kwenye sanduku la cherehani la mkewe kulikuwa na pini mpya za shaba, nyembamba, zisizojua kutu. Yule kiumbe ameshakwenda, alijiambia, na pini ni pini. Akalibana jarida kwa shaba, akalitia kwenye mfuko wake wa plastiki, akaliweka rafuni mahali pake. Mfululizo ukawa umekamilika.

"Umezirudisha?" mkewe aliuliza.

"Nimezirudisha."

Chiriku alirudia kelele zake mpaka majirani wakaja kuzifurahia. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika. Alikuwa hasemi tena "Halafu?" Alisomewa mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake. Fundi Saa aliona uchungu, ila hakuthubutu kulalamika.

Asubuhi moja walikuwa mezani wote watatu. Mkewe alikuwa na sanduku la cherehani miguuni, anapekua. Fundi Saa alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyeleta saa yenye mende ndani, akasita ili anywe chai.

"Halafu?"

Furaha ilimjaa. Aligeuka kwa mwanawe aendelee. Chiriku alikuwa ameinua kikombe cha maziwa kwa mikono miwili, anakunywa, koo linapanda na kushuka, na macho yake, juu ya ukingo wa kikombe, yalikuwa yanatazama nyuma ya bega la baba yake.

Mkewe aliacha kupekua. "Pini zangu za shaba," alisema taratibu. "Ni wewe uliyezichukua?"

Harufu ya shuka mbichi ilikuwa imeshajaa mezani.

"Zile nyingine zilikuwa na kutu," alisema Fundi Saa.

"Halafu?"